Nani Yumo Humu? Historia ya Amri za Hiari za Seva ya Barua Pepe na Uamuzi wa Kuzifunga

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Katanga barua huitwa mukanda, na mahali pa kazi ya karatasi huitwa biro. Mukanda unapofika biro, mtu wa kwanza kuupokea si yule aliyeandikiwa, bali ni mlinzi wa lango au karani wa mapokezi. Mtu huyo huulizwa mengi kabla mukanda haujaingia ndani. Fulani yumo? Je, bado anafanya kazi hapa? Nani wengine wamo katika idara yake? Wako walinzi wanaojibu yote, wako wanaokataa yote, na wako wale wanaosema kwa utulivu: acha tu mukanda, akiwapo utamfikia.

Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo la langoni lilivyoingia katika barua pepe. Kompyuta inayopokea na kugawa barua za ofisi, yaani seva, huja ikiwa na amri kadhaa ambazo si za lazima katika kazi yake. Msimamizi wa seva hana budi kuamua ni zipi ataziacha wazi na ni zipi atazifunga. Mara nyingi uamuzi huo huhesabiwa kuwa wa kiufundi mtupu, na hufanywa kwa kunakili orodha iliyotungwa na mtu wa nchi nyingine kwa ajili ya ofisi nyingine.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba historia ya amri hizo inaonyesha kinyume. Waliotunga kanuni za barua pepe waliuacha uamuzi huu makusudi mikononi mwa kila mahali, kwa kuwa jibu lake linategemea watu waliomo ndani na njia inayowafikia. Likasi, mji wa madini ulio takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, na ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, umechaguliwa kuwa mahali pa kulipimia jambo hili. Historia yake inafundisha pande zote mbili: hatari ya kumjibu kila aulizaye, na hasara ya kufunga kila mlango.

2. Lugha ya hodi na majibu

Mnamo Agosti 1982 Jonathan Postel, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alitoa hati iitwayo RFC 821. Hati hiyo iliweka kanuni za kupelekeana barua baina ya kompyuta, kanuni zinazojulikana kwa kifupi cha SMTP. Mwanaisimu anayeisoma hukuta humo lugha ndogo iliyokamilika. Amri zake zina herufi nne nne. Majibu yake huanza kwa namba ya tarakimu tatu: inayoanza na 2 ina maana ya kukubali, inayoanza na 4 ina maana ya kuahirisha, na inayoanza na 5 ina maana ya kukataa. Baada ya namba hufuata maneno machache. Namba ni ya mashine. Maneno ni ya mwanadamu atakayesoma.

Mazungumzo yenyewe hufuata adabu ambayo msemaji wa Kiswahili haioni kuwa ngeni. Kompyuta inayopiga husema HELO pamoja na jina lake, na hiyo ndiyo hodi. Kisha hutaja mtuma barua kwa amri ya MAIL, mpokeaji kwa amri ya RCPT, hutoa barua kwa amri ya DATA, na huaga kwa QUIT. Ukiongeza RSET, ya kuanza upya, na NOOP, isiyofanya lolote ila kungoja jibu, zinapatikana amri saba. Hati ya 1982 ilizitaja hizo saba kuwa kima cha chini ambacho kila seva ilipaswa kukitimiza.

Zilizobaki zilikuwa za hiari. VRFY ilikuwa ya kuhakiki: mpigaji alitaja jina, na seva ikamjibu kama mtu huyo yumo, pengine pamoja na jina lake kamili na anwani yake. EXPN ilikuwa ya kupanua: mpigaji alitaja orodha, kwa mfano ya idara, na seva ikamsomea wote waliomo. SEND na jamaa zake wawili zilipeleka ujumbe moja kwa moja mbele ya macho ya mtu aliyeketi kwenye kompyuta. TURN ilizigeuza nafasi, aliyekuwa akileta barua akawa anapokea. HELP iliomba maelezo.

Si vigumu kueleza ukarimu huo. Mwaka 1982 kompyuta zilizounganishwa katika mtandao huo zilikuwa mia chache tu, nyingi zikiwa za vyuo vikuu, za maabara na za jeshi la Marekani. Wasimamizi walijuana, wengine kwa majina na kwa sura. Katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kuuliza kama fulani yuko nyumbani si upelelezi. Amri hizo zilitungwa kwa ajili ya kijiji cha namna hiyo.

3. Mlango usiotajwa katika kanuni

Kijiji hicho kilishtuka tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba kompyuta zipatazo 6,000 ziliambukizwa, kati ya takriban 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa wakati huo.

Programu hiyo ilipita njia kadhaa, na mojawapo ni ya maana hasa katika mada hii. Seva nyingi zilikuwa zikitumia programu ya barua iitwayo sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake kulikuwa na amri ya DEBUG, iliyowekwa ili kuwasaidia mafundi kutafuta makosa. Amri hiyo haikuwamo kabisa katika hati ya 1982. Ilikuwa kama ngazi ambayo fundi ameiegemeza ukutani wakati wa ujenzi, kisha nyumba ikakabidhiwa kwa wenyewe ngazi ikiwa bado pale pale. Kompyuta nyingi ziliwafikia wanunuzi amri hiyo ikiwa wazi, nayo ilimwezesha mgeni kutuma barua ambayo badala ya kusomwa na mtu ilitekelezwa na mashine.

Baada ya tukio hilo, mwezi huo huo, kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha CERT, cha kuratibu taarifa za hatari za namna hiyo. Lakini funzo lililowabaki wasimamizi wengi lilikuwa fupi: kisichotumika na kifungwe. Funzo hilo ni sahihi kwa DEBUG, ambayo haikuwa na mtumiaji halali nje ya karakana. Kwa amri nyingine halikuwa na uhakika huo, kwa sababu neno "kisichotumika" huficha swali la pili, yaani kisichotumiwa na nani.

4. Wajibu na ruhusa

Mnamo Oktoba 1989, chini ya mwaka mmoja baada ya tukio la Morris, ilitolewa hati ya RFC 1123 iliyohaririwa na Robert Braden. Mtu angetarajia kwamba hati hiyo ingeyapunguza maswali ya langoni. Ilifanya kinyume. Iliagiza kwamba kila seva lazima iweze kutekeleza VRFY, na kwamba inafaa iweze kutekeleza EXPN. Papo hapo iliruhusu kila mahali kuzizima amri hizo kwa uamuzi wake, hata kuizima EXPN kwa baadhi ya orodha tu. Uwezo ulifanywa wajibu, na matumizi yakaachiwa mwenye nyumba.

Hati hiyo ilileta pia jibu jipya, namba 252. Maana yake ni kwamba seva haiwezi kumhakiki mtu huyo, lakini itaipokea barua yake na kujaribu kuifikisha. Kabla ya hapo aliyeulizwa alikuwa na jibu la ndiyo na jibu la hapana. Sasa alipata jibu la tatu, lile la mlinzi asemaye acha tu mukanda.

Umuhimu wa jibu hilo ulithibitishwa Aprili 2001 katika hati ya RFC 2821, iliyohaririwa na John Klensin, na tena katika RFC 5321 ya Oktoba 2008. Hati hizo zinasema kwamba mahali palipoizima amri ya kuhakiki kwa sababu za usalama lazima pajibu 252, wala pasijibu kwa namba inayoweza kudhaniwa kuwa uthibitisho au ukanusho. Aidha, zinakataza seva kujibu 250, yaani ndiyo, ikiwa imetazama tu umbo la anwani bila kujua kama mtu yupo. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba anaruhusiwa kunyamaza juu ya waliomo ndani, lakini haruhusiwi kusema uongo juu yao.

5. Likasi: jina linapokuwa hatari

Msomaji anaweza kuuliza ni madhara gani yatokanayo na kujibu kwamba fulani yumo. Jibu la kawaida la mafundi linahusu matangazo yasiyotakiwa: anayekusanya anwani za kuuza hujaribu majina elfu moja kwa VRFY, au huchota orodha nzima kwa EXPN kwa pigo moja. Jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo Likasi ina jibu zito zaidi.

Katika miaka ya 1980 na 1990, posta na simu za serikali zilipozorota nchini Zaire, watu wengi walitegemea fonii, yaani redio za mawasiliano za misheni, za makampuni na za wafanyabiashara. Mtu alifika, akangoja zamu yake, akatoa ujumbe wake mbele ya mwendeshaji na mbele ya wote waliokuwa wakingoja. Upande wa pili mtu aliitwa kwa jina, na yeyote aliyekuwa amefungua redio katika masafa hayo aliweza kusikia kwamba fulani yuko mahali fulani. Watu waliozoea fonii walijua kupima maneno yao. Habari ya mahari, ya fedha au ya safari ilisemwa kwa mafumbo, na jina la mtu lilitajwa pale tu lilipokuwa la lazima.

Kisha ukaja mwaka 1992. Mkoa wakati huo uliitwa Shaba. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa ukiporomoka, na mwaka 1993 ulishuka chini ya tani 50,000. Katika hali hiyo, na kwa uhasama uliochochewa na wanasiasa, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa katika nyumba zao na kazi zao. Likasi ilikuwa mojawapo ya miji iliyoumia mapema na vibaya. Maelfu kwa maelfu walijazana kwenye stesheni ya reli na katika shule, wakingoja kwa majuma, wengine kwa miezi, gari moshi la kuwapeleka Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kuishi. Wengi walifia njiani na katika kungoja.

Barua pepe haikuwa na sehemu katika msiba huo. Lakini msiba huo unafundisha maana ya orodha ya majina mahali pa kazi. Mara nyingi jina peke yake lilitosha kueleza asili ya mtu, na asili ilitosha kumpotezea nyumba. Karatasi yenye majina ya wafanyakazi wa idara, ambayo mwaka mmoja ilikuwa karatasi ya mishahara tu, mwaka uliofuata ingeweza kusomwa kwa jicho jingine kabisa. Orodha haibadiliki. Anayebadilika ni msomaji wake. Kwa ofisi ya Likasi, basi, kuiacha EXPN wazi kwa kila mpigaji kuna uzito ambao haukuonekana katika maabara za California mwaka 1982.

6. Upande wa pili: njia nyembamba

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapo kwamba kila amri ya hiari ifungwe. Historia ya TURN inazuia hitimisho hilo.

TURN ilikuwa na faida kwa mahali pasipokuwa na muunganisho wa kudumu. Ofisi ya pembeni ilipiga simu, ikatoa barua zake, kisha ikasema tugeuze, ikapokea zilizokuwa zikiingoja, yote kwa gharama ya simu moja. Kasoro yake ilikuwa kwamba seva ilimwamini mpigaji kwa jina alilojitaja. Mwongo aliyejiita kwa jina la ofisi nyingine aliondoka na barua za wenyewe. Ndiyo maana hati ya mwaka 2001 iliwashauri watu wasiitumie pasipo njia ya kumthibitisha mpigaji.

Kwa aliye na waya wa kudumu, kuifunga TURN hakukuwa na hasara yoyote. Kwa wengine ilikuwa tofauti. Mfano ulio karibu na Likasi ni wa jirani wa kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kilipelekeana barua pepe na ulimwengu kupitia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, Afrika Kusini. Barua zilibebwa kwa simu, kwa vipindi, chini ya utaratibu wa FidoNet. Mwaka 1994, kupitia Zamnet iliyotokana na chuo hicho, Zambia ikapata muunganisho kamili wa intaneti. Watu wa Lusaka hawakutumia TURN, lakini mfano wao unaonyesha aina ya ofisi iliyoihitaji amri kama hiyo: ofisi isiyoweza kukaa mtandaoni mchana kutwa, inayokuja kuchukua barua zake kwa zamu.

Haja hiyo ilipata jibu Agosti 1996 katika hati ya RFC 1985, iliyoleta amri ya ETRN. Kwa ETRN mpigaji haombi akabidhiwe barua. Huomba tu seva ianze kuzipeleka, na seva huzipeleka kwenye anwani inayoijua yenyewe, si kwa aliyepiga hodi. Ni tofauti iliyopo baina ya tarishi anayemkabidhi barua yeyote ajitajaye jina, na tarishi anayeshukuru kwa taarifa kisha akatembea mwenyewe hadi nyumbani kwa mwenye barua. Haja ya maskini haikufutwa ili tajiri awe salama. Ilitafutiwa njia nyingine. Msimamizi anayenakili orodha ya mahali pengine na kuifunga ETRN pamoja na TURN anaweza kuwa amelinyamazisha tawi lake mwenyewe bila kujua.

7. Mizigo ya wageni

Ipo desturi moja ya zamani ambayo historia yake ilikwisha vingine. Katika kanuni za 1982 seva iliweza kupokea barua isiyokuwa ya watu wake na kuipitisha mbele, kama msafiri anayebeba mukanda wa jirani. Katika miaka ya 1990 ukarimu huo uligeuzwa kuwa biashara ya watu wengine. Wauza matangazo walizitwisha seva za wageni barua maelfu kwa maelfu, na gharama ya njia ikabaki kwa mwenye seva. Ofisi yenye njia nyembamba iliumia mara mbili: njia yake ilijaa, kisha jina lake likaandikwa katika orodha za waliozuiwa, na barua zake halali zikakataliwa.

Mwaka 1998 sendmail toleo la 8.9 lilianza kukataa kupitisha barua za wageni pasipo ruhusa ya msimamizi. Februari 1999 hati ya RFC 2505, iliyoandikwa na Gunnar Lindberg wa Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, iliweka wazi uzito wa kila jambo. Uwezo wa kuzuia upitishaji usioruhusiwa uliitwa lazima. Uwezo wa kuamua nani atumie VRFY, EXPN na ETRN uliitwa jambo linalofaa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti baina ya madhara yanayomwangukia kila mtu na madhara yanayotegemea mahali.

8. Hitimisho

Kutokana na historia hii uamuzi wa ofisi unaweza kupangwa kwa daraja. Upitishaji wa barua za wageni na amri za karakana kama DEBUG zifungwe bila mjadala. TURN ifungwe, na ETRN iachwe kwa matawi yanayojulikana kwa majina, iwapo yapo. EXPN isiwajibu wa nje. VRFY ijibu 252. Tena msimamizi akumbuke kwamba kuifunga VRFY hakumalizi jambo, kwa kuwa RCPT nayo hufichua: seva ikikataa kwa namba 550 mpokeaji asiyekuwapo, mdadisi amekwisha kujua nani hayupo. Kuacha kukataa si dawa, maana barua zilizopokelewa ovyo hurudishwa baadaye kwa watu wasiozituma. Dawa ni kuendelea kukataa pale pale mlangoni, huku idadi ya majaribio ya mpigaji mmoja ikiwekewa mpaka.

Lipo jambo la mwisho, linalowahusu wanafunzi wa lugha hasa. Maneno yanayofuata namba ya jibu hayakufungwa katika Kiingereza, na kanuni ya 1982 iliruhusu herufi zile tu zisizo na alama juu yake. Kifaransa, lugha ya karatasi za ofisi nchini Kongo, hakikuweza kuandikwa sawasawa kwa herufi hizo. Kiswahili kiliweza, neno kwa neno, pasipo kupoteza kitu, hata ng' ya ng'ombe. Ofisi ya Likasi inayoamua kujibu 252 inaweza kuandika mbele ya namba hiyo, kwa Kiswahili, kwamba haithibitishi nani yumo lakini barua itapokelewa. Katika faili la mipangilio, kando ya kila amri iliyofungwa au kuachwa, inaweza kuandika pia sababu yake. Faili lisilo na sababu humfanya msimamizi ajaye aogope kubadili lolote au abadili yote. Lenye sababu humwonyesha kwamba waliomtangulia walijiuliza nani yumo ndani, nani anauliza, na nani anangoja barua yake upande wa pili wa njia nyembamba.